Chumba Kimetimia

Wickliffe, 31 Agosti 1997

Baba Mdogo Lemuel,

Shikamoo, na tafadhali usinijibu kwa sauti ya gwaride. Mimi mzima, isipokuwa miguu. Mama ameniandikia kwamba tumbaku imekauka vizuri na kwamba baba ameuza trekta la kijani, lile lililokuwa likigoma kila Jumatatu. Mama mdogo Vernell hajambo? Mwambie ile pai yake ya viazi vitamu ilifika ikiwa vipande, na tuliila kwa vidole tukiwa tumejificha nyuma ya mlango wa kabati.

Baba hajui kwamba nakuandikia. Tangu siku ile uliposimama mbele ya jaji ukasema wasichana wasiingie chuo hiki cha kijeshi cha Wickliffe, jina lako nyumbani limekuwa “shahidi”. “Shahidi hajambo?” ndivyo anavyomuuliza mama. Ila sisi makuruta haturuhusiwi simu mpaka masika, na wewe ndiye mtu pekee katika ukoo wa Pannell aliyelala kwenye vitanda hivi. Nimwandikie nani mwingine?

Basi tumeingia. Mahakama Kuu imeshasema kwamba chuo kinachokula kodi ya baba na mama hakiwezi kumfungia mlango binti yao kwa sababu tu ni binti. Iliwaambia hivyo wenzetu wa Virginia, na hapa Carolina jaji hakuwa na la kuongeza. Kila asubuhi wavulana wanatukumbusha kwamba jaji hakimbii nasi mlimani.

Chumba nakaa na msichana mmoja, Dorothea Kessinger, mzungu wa huko juu milimani ambako wanatengeneza viti. Anakoroma kama nini! Lakini ndiye aliyenifundisha kukunja shuka ile kona yenu ya ajabu. Jioni wakati wa kusoma, mlinzi wa zamu anagonga, anauliza, “Chumba?” na aliye karibu na mlango anajibu, “Kimetimia, kwa neno langu,” yaani sote tumo. Mara ya kwanza nilicheka. Nilipewa kusukuma sakafu kwa mikono hadi kicheko kikaniisha.

Nina swali, na ni swali la mtoto kwa baba yake. Wewe uliingia hapa mwaka wa sitini na nane, mtu mweusi kati ya wazungu, watu wakitemea mate kwenye sahani yako. Ulimwambiaje jaji kwamba sisi tutaleta uharibifu? Siulizi kwa ubaya. Kidogo tu kwa ubaya.

Mwanao,
Charisse


Fayetteville, 14 Septemba 1997

Binti yangu Charisse,

Marahaba. Huku tu wazima. Mama yako mdogo ametia mboga za majani chumvi mara mbili na anasema kosa ni la sufuria. Magoti yangu yanatabiri mvua kuliko redio. Nakutumia rangi ya viatu, ile nyeusi ya kopo bapa. Usipake nyingi, paka kidogo, temea mate, sugua kwa duara.

Ulichouliza nitakijibu mara moja tu. Mahakamani nilisema nilichokiamini. Nilisema Wickliffe imesimama juu ya neno la kadeti, na kwamba wasichana, kwa huruma yao, watafichiana makosa, na siku neno litakapokufa hapatabaki chuo, patabaki majengo. Mahakama haikuniona nina haki. Mimi ni mwanajeshi, nimeshindwa, nimepiga saluti. Sasa upo pale na nakutakia mema yote, na mtu akitemea sahani yako, kula kando ya mate uinuke umeshiba. Mimi ndivyo nilivyofanya.

Kaka yangu ana haki ya kukasirika. Mwache.

Jambo moja la maana kuliko rangi ya viatu. Unajua kwamba niko kwenye Bodi ya Chuo. Lakini hata nisingekuwa, mhitimu wa Wickliffe ni kadeti mpaka kufa. Sheria inayomfunga kuruta inanifunga na mimi: kadeti hasemi uongo, haibi, wala hamvumilii afanyaye hivyo. Kwa hiyo chochote utakachoniandikia, kimesomwa na kadeti. Niandikie kuhusu chakula.

Baba yako mdogo,
Lemuel Pannell, Luteni Kanali (mstaafu)


Wickliffe, 12 Oktoba 1997

Baba Mdogo,

Salamu zangu zipokee pamoja na za miguu, ambayo sasa imezoea. Umesema nikuandikie kuhusu chakula. Uji wa mahindi wanaotupa hapa ungeweza kuzibia ufa wa ukuta. Haya, chakula kimekwisha.

Wasichana wawili wameondoka mwezi huu kwa hiari yao. Magazeti yamekuja na kamera kabla hawajamaliza kufunga mabegi. Wavulana kumi na kitu wameondoka pia, na sikuona hata mpiga picha mmoja. Kadeti mmoja wa mwaka wa nne aliniambia kwenye ngazi, “Pannell, mkibaki sifuri naweka dau nyama ya nguruwe ya kuchoma kwa kikosi kizima.” Nikamwambia aanze kukusanya kuni, maana ataila akiwa mzee. Nilipewa adhabu, lakini niliona anajizuia kucheka.

Dorothea hana raha. Mama yake atafanyiwa upasuaji wa titi mwisho wa mwezi. Baba hayupo, kuna mdogo wake wa kiume na shangazi asiyependa kuandika. Ameomba ruhusa ya kupiga simu siku yenyewe, ofisa akamwambia asubiri masika kama makuruta wengine, kwa sababu wakimpa yeye watasema ni upendeleo wa wasichana. Hebu niambie, wewe uliyeijua nyumba hii: hivyo ndivyo ilivyokuwa zamani, au hii imeletwa kwa ajili yetu?

Baba ameandika mara moja. Mistari minne, mmoja ulikuwa bei ya tumbaku. Nimeusoma ule mwingine uliosema “tunakuombea” mpaka karatasi imelainika.

Charisse


Wickliffe, 9 Novemba 1997

Baba Mdogo,

Natumaini mama mdogo hajambo. Huku baridi imeanza, majani yote yameanguka, tunayafagia asubuhi na jioni yamerudi. Nimepata alama nzuri katika hesabu. Soksi ulizotuma zimenitosha. Kanisani walituhubiria habari za mavuno.

Dorothea hayupo tena.

Walimpigia ngoma Alhamisi alfajiri. Wewe unajua inavyokuwa. Tulitolewa tukapangwa kuzunguka uwanja wa bweni, ngoma zikaanza polepole, na mkuu wa Kamati ya Heshima akasema kadeti fulani ameondoka kwa aibu na jina lake lisitajwe tena Wickliffe. Tulipopanda juu, kitanda chake kilikuwa kimeshakunjwa. Hata kile kibao cha jina mlangoni wameshang’oa. Yamebaki matundu mawili ya misumari.

Alitoka wakati wa kusoma kwenda kumpigia mama yake simu. Walimkamata ngazini akirudi. Kutoka bila ruhusa ni adhabu ya kutembea na bunduki tu, lakini Kamati iliona aliniambia uongo mimi. Niliitwa, nikaulizwa swali moja, nikajibu.

Baba mdogo, nataka kukuuliza jambo. Kuna kadeti mmoja ninayemfahamu hapa. Tuseme ameulizwa jambo na Kamati, na jibu alilolitoa

Nimeona bora nisiendelee na sentensi hiyo. Utaniwia radhi, karatasi ni chache, siwezi kuanza upya.

Silali vizuri siku hizi. Chumba ni kimya mno.

Charisse


Fayetteville, 23 Novemba 1997

Binti yangu,

Utanisamehe kuchelewa. Nilikuwa na mafua, halafu paa lilivuja, halafu mama yako mdogo alitaka nipake rangi chumba cha wageni. Yote hayo ni kweli, na ningeweza kuandika katikati yake kama ningetaka.

Nimeisoma barua yako. Hukuimaliza ile sentensi, nami nakuomba kwa dhati usije ukaimaliza, si kwangu. Unanielewa? Huyo kadeti unayemfahamu sitaki kumjua. Nikimjua nitalazimika kuinua simu saa hiyohiyo, na mimi sijawahi kuvunja sheria ile hata siku moja katika miaka yangu yote.

Kuhusu yule mwenzako. Sitalitaja jina, maana limeshaondolewa, na neno hilo linatufunga wahitimu hadi kaburini. Naelewa ni mchungu. Lakini ngoma zikishalia, zimelia. Wewe sasa shika masomo. Wasichana mmebaki wachache na kila jicho la jimbo hili liko juu yenu. Ukianguka wewe, hutaanguka peke yako. Wapo wazee kwenye Bodi wanaosubiri kuinuka na kusema, “Tuliwaambia.” Mmoja wao alikuwa mimi.

Mama wa yule binti ameleta rufaa. Bodi itakaa tarehe tano Desemba.

Vaa soksi mbili mbili.

Lemuel


Wickliffe, 30 Novemba 1997

Baba Mdogo,

Shukrani kwa kunijibu. Sikukuu ya Shukrani tulikula bata mzinga mkavu kama gazeti. Mama alituma picha. Baba amekaa mezani na amevaa tai, sijui kwa ajili ya nani.

Sitaimalizia ile sentensi. Naheshimu ombi lako.

Nami ninalo langu, moja tu. Tarehe tano, mtakapokaa, mtakuwa na faili mbele yenu. Ndani yake kuna swali moja na jibu moja la mwenzake wa chumbani. Uwaambie wamwite huyo mwenzake, wamuulize tena. Basi. Huhitaji kujua chochote ili kusema, “Muulizeni tena.” Mtu yeyote wa Bodi anaweza kulisema.

Mimi nimejaribu kwenda mwenyewe. Nimefika mara nyingi mpaka mlango wa Kamati. Nikifika pale nawaona baba na mama wakiwa barazani na waandishi wamesimama kwenye shamba letu, nawaona wasichana waliobaki, halafu mkono wa kubishia unakuwa wa mtu mwingine. Lakini nikiitwa nitajibu. Najijua. Nikiitwa, siwezi kulirudia jibu lile.

Nisaidie, baba mdogo. Niite tu.

Charisse


Fayetteville, 8 Desemba 1997

Binti yangu Charisse,

Salamu. Mama yako mdogo amekuokea biskuti za tangawizi, ziko kwenye bati jekundu, na nimeweka pia nyama kidogo ya paja iliyokaushwa, uifiche.

Bodi imekaa. Mama wa yule binti alikuja mwenyewe. Ni mwanamke mwembamba, alikuwa amefunga kitambaa kichwani na alikataa kiti. Alisema, “Mwanangu hajawahi kunidanganya, sasa amwongopee msichana ambaye katika barua zake za kila wiki aliniambia ni kama dada yake, kwa nini?” Mwenyekiti, ambaye nilisoma naye, alimshukuru kwa kusafiri umbali mrefu.

Halafu akazunguka meza akituuliza mmoja mmoja kama kuna jambo. Alipofika kwangu nilikuwa na maneno yako mdomoni. “Muulizeni tena.” Nilikuwa nayo kabisa, Charisse, naapa. Nikasema, “Sina la kuongeza.” Tukapiga kura. Rufaa imekataliwa, na mkono wangu ulikuwa miongoni mwa iliyoinuka.

Nilijiambia nimefanya kwa ajili yako. Njiani nikirudi nilijiambia hivyo mpaka mji wa Raleigh. Baada ya Raleigh sikuweza tena. Yule mama alipita karibu yangu mlangoni, akanipa mkono, akasema asante kwa kumsikiliza. Nilimpa mkono ule ule.

Kula biskuti. Soma. Krismasi iko karibu.

Lemuel


Wickliffe, 14 Desemba 1997

Baba Mdogo,

Salamu nitazifupisha leo. Biskuti nimewagawia wavulana wa chumba cha jirani.

Sasa nitaandika, nawe utasoma, kwa kuwa tumeshaumizana vya kutosha kwa heshima.

Jioni ile nilikuwa ninang’arisha viatu, karibu na mlango. Tulikuwa tumekimbia mlimani mara mbili. Mlinzi wa zamu akagonga. “Chumba?” Nami, bila kuinua kichwa, kama anayesema amina: “Kimetimia, kwa neno langu.” Hapo ndipo nilipoinua kichwa nikaona kiti cha Dorothea kitupu. Sikujua ametoka. Hakuniambia, ili nisije nikalazimika kujua.

Wewe unaijua sheria kuliko mimi: aliyekosea anaweza kulirudisha neno lake kabla mlinzi hajafika mwisho wa ukumbi. Unafungua mlango tu, unasema, “Mlinzi, narudisha neno.” Hakuna adhabu. Nilimsikia akigonga mlango unaofuata, na unaofuata. Nilikuwa nimeshika brashi. Nilisema moyoni, nikifungua, Dorothea amekwisha. Mama yake yuko hospitali, mwache mtu aongee na mama yake. Viatu vya mlinzi vikafika mwisho, vikashuka ngazi. Huo ndio uongo wangu wa kwanza.

Walipomkamata, walimuuliza kwa nini chumba kilisemwa kimetimia. Akaona nitafukuzwa. Kama angesema kweli, yeye angetembea na bunduki siku chache akamaliza. Akasema, “Nilimdanganya Pannell. Nilimwambia nimepewa ruhusa ya kwenda zahanati.” Maneno hayo ndiyo yaliyomfukuza. Mimi nikaitwa, nikaulizwa, “Ni kweli Kessinger alikuambia hivyo?” Aliniangalia. Hakunikonyeza, hakunisihi, aliniangalia tu kama mtu anayekushikia mlango na anasubiri upite.

Nikasema, “Ndiyo.”

Ulisema kweli mahakamani. Tulifichiana. Kila nikikumbuka kwamba nimekupa ushahidi wako mkononi, natamani ardhi inimeze. Lakini nimewaza sana na nimeona hivi: aliyenificha alipoteza kila kitu kwa ajili yangu, na aliyekaa kimya mezani hakupoteza hata usingizi wa mchana. Sikuambii kwa kejeli. Mimi mwenyewe ni wa meza hiyo hiyo. Nimekula mkate wa hapa mwezi mzima kwa jina la mtu mwingine.

Sasa umejua, na sheria inasema uinue simu. Usihangaike. Barua hii naitia sanduku la posta saa hii, na kutoka hapo naenda moja kwa moja mlango wa Kamati. Safari hii nitabisha kabla mkono haujapata nafasi ya kufikiri.

Nimemwandikia baba pia. Nimemwambia yote, na kwamba nimekuwa nikikuandikia.

Charisse


Fayetteville, 17 Desemba 1997, kwa barua ya haraka

Charisse,

Nimeipata. Mkuu wa Chuo amenipigia pia, kwa adabu kubwa, kama mtu anayetoa habari za msiba. Ngoma ni keshokutwa alfajiri, na utatolewa langoni saa nne.

Nitakuwa langoni. Wahitimu wengine watakuwepo, na mwenyekiti, na hao wa kamera. Nitakuita kwa jina lako, kwa sauti, mbele yao wote. Charisse Pannell. Nataka wanisikie nikilivunja lile katazo.

Ulipokuwa na miaka minne ulikuwa unajificha chini ya ngazi zetu na hutoki mpaka nikuite kwa majina yote mawili. Njoo kwangu siku hiyo.

Baba yako mdogo,
Lemuel


Fayetteville, 22 Desemba 1997

Charisse,

Natumaini mmefika salama. Mama yako mdogo anakusalimu na anakataa kuzungumza nami, kwa hiyo salamu hizi nimezisikia akizisema kwa mlango wa jokofu.

Nilikuwepo, uliniona. Nilifika mapema, nimevaa koti langu la sherehe. Mwenyekiti alikuja kusimama karibu yangu, akanishika bega, akasema, “Lem, pole sana. Umekuwa mwaminifu kwetu siku zote.” Wakati huohuo ukatoka na lile sanduku kifuani. Nywele zako zilikuwa zimekatwa fupi kama zangu za zamani. Nilifungua kinywa. Hewa ilikuwa pale, ulimi ulikuwa pale. Miaka ishirini na tisa ya kutii ikanikaba koo, nikasema, “Haya, gari liko huku.”

Gari liko huku! Kana kwamba nilikuwa nimekuja kubeba mizigo.

Halafu kaka yangu, ambaye sikujua amekuja, ambaye nilidhani yuko kwenu Kinston akinilaani, akapaza sauti upande wa pili wa barabara, “Charisse! Charisse Pannell! Njoo kwa baba’ako, mwanangu!” Alilia mbele ya kamera bila kuficha uso. Ulinipita. Ulifanya vizuri kunipita. Kaka Otis alinitazama mara moja tu, nami nikayatazama matairi.

Sioni la kujitetea. Nilimwambia jaji kwamba nyinyi ndio mtakaoliua neno. Wewe ulilisema neno lako ukijua litakutoa nje, na mimi sikuweza kulisema langu, nililokwisha kuliahidi kwa wino. Naona haya, binti yangu. Naona haya asubuhi ninaponyoa. Nimejiuzulu Bodi, na haikunipunguzia kitu.

Nalisema sasa: Charisse. Charisse. Charisse Pannell.

Lemuel


Kinston, 28 Desemba 1997

Baba Mdogo,

Shikamoo. Hapa tu wazima. Krismasi ilikuwa na nguruwe mzima wa kuchoma wa siki na pilipili, na majirani waliokuja kwa ajili ya nyama walikaa kwa ajili ya umbea. Mama hataki nifanye kazi yoyote. Baba anataka niamke mapema niende naye ghalani, tusiseme chochote, turudi. Nadhani ndivyo anavyonibembeleza.

Nilienda milimani kabla ya Krismasi, baba alinipeleka. Kamati haijarudisha jina la Dorothea na hawatalirudisha. Wanasema alidanganya Kamati, hata kama alidanganya kwa ajili yangu, na kwa sheria yao ni kweli. Alifungua mlango akiwa na unga mikononi. Nilikuwa nimejifunza hotuba njia nzima. Akasema, “Mjinga wewe, nilikupa nafasi yangu ukaitupa?” Halafu akanipiga begani, kweli kweli, na akaanza kulia, nami nikalia, na mama yake akatuambia tufunge mlango baridi inaingia. Bado hajanisamehe yote. Amesema atanisamehe kwa awamu. Mama yake anapona polepole.

Barua yako nimeisoma. Umeandika jina langu vizuri. Lakini karatasi haina wahitimu wanaoisikiliza, baba mdogo. Umekuwa ukiliandika mwanzo wa barua zako tangu Septemba na halikunifaa kitu langoni.

Siandiki kukuumiza. Najua ile hali ya koo. Mimi nilikuwa nayo mlangoni pa Kamati mwezi mzima. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukunyamazia.

Sasa sikiliza. Dorothea na mama yake wanakuja kwetu mwisho wa juma. Jumapili tarehe nne Januari tutakuwa kanisani, ibada ya saa tano. Wageni na waliorudi nyumbani huwa wanasimama, na mmoja wa jamaa anasimama nao, anawataja kwa majina na kusema wametoka wapi. Mwenyekiti wako wa Bodi ana binti aliyeolewa hapa Kinston, na huwa anakuja kwake siku kama hizo. Sijui kama atakuwepo. Sikumuuliza mtu.

Kila mwaka baba ndiye anayesimama kwa ukoo wetu. Nimemwomba safari hii asisimame. Alininunia siku mbili, halafu akasema, “Haya. Shahidi aje atoe ushahidi.”

Kwa hiyo mchungaji atakapouliza, tutasimama, Dorothea Kessinger na mimi, benchi la tatu kushoto. Hakuna mwingine atakayetutaja. Mwendo kutoka Fayetteville si mrefu lakini unatosha kufanya mazoezi. Funga vioo vya gari uyaseme majina yote mawili, la Dorothea kwanza.

Ukishindwa, tutaendelea kusimama.

Charisse